Gari Linapokwama Njiani

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mdo 27:9–44, Mdo 28:1–11, Mit 17:14, 2 Fal 6:1–7, Lk 13:1–5, Lk 14:1–6, Rum 8:28, Isa 57:14.

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya ina urefu wa zaidi ya kilomita 800. Hupita Morogoro, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na baada ya Ruaha Mbuyuni huanza kupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa. Hapo Kitonga malori yaendayo Tunduma hupanda polepole yakinguruma, na gari dogo lililojaa watu na mizigo huweza kuchemsha.

Fikiria familia iliyo katika gari kama hilo siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri. Baba yuko kwenye usukani, mama kando yake. Nyuma wamekaa watoto watatu na bibi yao mzaa mama. Wanakwenda Mbeya kumwona babu mzaa baba, ambaye amelazwa hospitalini na hali yake si nzuri. Wamepanga kufika Iringa kabla ya jua kuzama, waitunze Sabato huko, kisha waendelee na safari. Katikati ya mlima mshale wa joto unafika kwenye alama nyekundu. Mvuke unatoka chini ya boneti. Gari linasimama.

Katika hali kama hiyo wengi husema, “Tumshukuru Mungu kwa yote,” na wengine husema, “Safari ni safari.” Maneno hayo yana faraja, lakini hayajibu swali lililo zito zaidi. Safari inapovunjika, watu waliomo ndani ya gari wana deni gani wao kwa wao? Wana deni gani kwa wanaopita? Je, kuifanya saa mbaya izae jema ni kipaji cha watu wachangamfu tu, au ni wajibu wa kila mtu? Somo la juma hili linaonyesha kwamba ni wajibu, na kwamba wajibu huo haumlazimishi mtu kuliita baya jema.

JUMAPILI
Mfuniko wa Rejeta

Kila dereva mzoefu anajua jambo la kwanza asilopaswa kulifanya injini inapochemsha: asifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yamebanwa kwa shinikizo, na kwa sababu hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 za joto bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa shinikizo linaondoka ghafla, maji yanachemka papo hapo na kuruka nje. Wapo walioungua uso na mikono kwa haraka ya dakika moja. Wala haifai kumimina maji baridi ndani ya injini ikiwa bado ni ya moto sana, maana chuma kinaweza kupasuka. Dereva huzima injini, huwatoa watu garini na kuwaweka mbali na barabara, huweka alama za tahadhari, kisha husubiri nusu saa au zaidi.

Soma Mithali 17:14. Mwenye hekima anafananisha mwanzo wa ugomvi na nini? Anatoa ushauri gani?

Sulemani anazungumza juu ya maji yanayofunguliwa njia. Yakishaanza kutoka, hakuna ayarudishaye. Kwa hiyo ugomvi uachwe kabla haujafurika. Gari linapokwama, si rejeta peke yake iliyobeba shinikizo. Baba anawaza fedha za fundi na baba yake aliye kitandani. Mama anawaza watoto na giza. Bibi ana magonjwa yake ambayo hapendi kuyasema mbele ya wajukuu. Neno moja la ukali katika dakika hizo huunguza wasiohusika, na mara nyingi wanaoungua ni watoto, ambao hawana hatia yoyote katika jambo hilo.

Kunyamaza kwa nusu saa ya kwanza si woga, wala si kuficha ukweli. Ni kutambua kwamba liko neno la kweli ambalo wakati wake bado. Yakobo anawaagiza waumini wawe wepesi wa kusikia, na wasiwe wepesi wa kusema wala wa kukasirika (Yak 1:19). Agizo hilo ni rahisi kulitii sebuleni. Thamani yake huonekana kando ya barabara.

Tafakari: Ni nani katika nyumba yako huumia kwanza mambo yanapoharibika, ingawa si yeye aliyeyaharibu?

JUMATATU
“Si Nilikwambia?”

Yako maneno mawili ambayo hayakosekani gari linapoharibika: “Si nilikwambia?” Na mara nyingi aliyeyasema anasema kweli. Huenda mama alishauri wiki nzima kwamba gari lipelekwe kwa fundi, kwa kuwa kila asubuhi maji ya rejeta yalikuwa yamepungua. Huenda baba alijibu kwamba litafika. Mpira wa kupitisha maji ukapasuka Kitonga, na sasa kosa lina mwenyewe.

Soma Matendo 27:9–12, 21–25. Paulo alikuwa amewaonya nini watu wa merikebu? Alisema nini baadaye onyo lake lilipotimia?

Paulo alionya kwamba safari ile ingeleta hasara. Akida Yulio akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu zaidi ya Paulo. Tufani ilipokuja, Paulo alisimama na kuwakumbusha kwamba ilifaa wamsikilize. Biblia haikulificha neno hilo. Kosa lilikuwa kosa, na lilitajwa. Lakini lilitajwa mara moja, katika sentensi moja, na hapo hapo Paulo akageukia kuwatia moyo watu wale wale waliompuuza. Hakuitumia tufani kupata ushindi juu yao.

Soma pia 2 Wafalme 6:1–7. Mmoja wa wana wa manabii alikuwa akikata mti kando ya Yordani, na chuma cha shoka kikaanguka majini. Alilia kwa uchungu kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Elisha angeweza kuuliza maswali mengi: Kwa nini hukukaza mpini? Nani alikuruhusu kuazima? Swali lake lilikuwa moja: kimeangukia wapi? Mtu wa Mungu aliuliza mahali, kwa sababu mahali ndipo msaada ungeanzia.

Hii haina maana kwamba uzembe usamehewe bila kuzungumzwa. Mzazi anayejua kwamba tairi zimekwisha vipara na bado anawapakia watoto kwa safari ya kilomita 800 anacheza na uhai usio wake peke yake. Torati ilimtaka mwenye nyumba ajenge ukingo juu ya dari lake ili mtu asianguke na kufa (Kum 22:8). Kukagua breki, tairi na maji kabla ya safari ni ukingo wa namna hiyo. Hesabu hiyo lazima ifanywe. Lakini hufanywa nyumbani, gari likiwa limetengenezwa na watoto wamelala, ili safari ijayo iwe salama zaidi. Ikifanywa mlimani, huwa ni adhabu tu.

Tafakari: Kuna tofauti gani kati ya kutaja kosa ili lisirudiwe na kutaja kosa ili mtu aaibike?

JUMANNE
Je, Mungu Ndiye Aliyelisimamisha Gari?

Mara nyingi baada ya gari kuharibika husikika ushuhuda wa namna hii: “Kumbe mbele kulikuwa na ajali. Mungu alilizuia gari letu ili atuokoe.” Moyo wa shukrani ulio ndani ya maneno hayo ni mzuri. Lakini Mkristo anayefikiri hana budi kuuliza swali la pili: na wale waliopata ajali? Je, Mungu hakuyapenda magari yao yaharibike pia? Mjane aliyempoteza mumewe katika ajali ile anaweza kuwa ameketi kiti cha nyuma kanisani, akiusikiliza ushuhuda huo.

Swali hilo huwa gumu zaidi kwa upande wa pili. Tuseme familia ya Kitonga inachelewa siku mbili, na inapofika Mbeya babu ameshafariki. Nani atasimama kusema kwamba gari liliharibika kwa faida yao?

Soma Luka 13:1–5. Yesu alisema nini juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu?

Wasikilizaji wa Yesu walitaka kuusoma msiba kama barua: nani alikosa, nani alistahili. Yesu alikataa usomaji huo. Hakusema kwamba waliokufa walikuwa wabaya kuliko wengine, wala hakueleza kwa nini mnara ulianguka siku ile. Aliwageuzia wasikilizaji macho yao kwenye maisha yao wenyewe.

Sasa soma Warumi 8:28 kwa makini. Paulo hasemi kwamba mambo yote ni mema. Anasema kwamba katika mambo yote Mungu yuko kazini kwa ajili ya mema ya wale wampendao. Katika ulimwengu ulioharibiwa na dhambi mipira huchakaa, chuma huchoka, na watu husahau kukagua maji. Mungu anaweza kuzuia, na mara nyingine huzuia. Lakini mwanadamu hajapewa daftari la sababu zake zote. Alichopewa ni ahadi kwamba hakuna mahali pa kukwama ambapo Mungu hayupo.

Kwa hiyo mzazi hana haja ya kuwaambia watoto wake kwamba gari limeharibika kwa sababu ya siri njema. Anaweza kuwaambia ukweli: “Gari limeharibika, na hilo ni baya. Mungu yuko nasi hapa. Tutazame lipi jema tunaweza kulifanya.” Mtoto aliyefundishwa hivyo hatapoteza imani siku ambayo sababu njema haitaonekana.

Tafakari: Unawezaje kumshukuru Mungu kwa kuokolewa bila kumwongezea uchungu ambaye mpendwa wake hakuokolewa?

JUMATANO
Mtume Aliyeokota Kuni

Soma Matendo 27:33–38 na 28:1–11. Orodhesha mambo ambayo Paulo aliyafanya kwa mikono yake katika masimulizi haya.

Katika merikebu walikuwamo watu 276. Kwa siku 14 hawakuwa wamekula kwa utaratibu. Paulo hakuwatolea hotuba ndefu. Alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akala. Wengine wakachangamka, nao wakala. Merikebu ilipovunjika na wote wakafika pwani ya Melita, wenyeji waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Na mtume, mfungwa aliyetoka kuogelea au kushikilia ubao, akakusanya mzigo wa kuni. Baadaye alimwombea baba yake Publio aliyeugua homa na kuhara damu, naye akapona. Walikaa kisiwani miezi mitatu.

Hakuna mahali ambapo Paulo anasema ilikuwa heri merikebu kuvunjika. Merikebu na shehena vilipotea kweli. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: chombo kimekwisha, kazi haijaisha. Paulo alipoteza chombo cha safari, lakini hakupoteza kazi ya kupenda.

Mambo aliyoyafanya ni madogo kiasi kwamba familia yoyote inaweza kuyaiga. Kula pamoja ni jambo la kwanza. Chakula kilichofungwa kwa ajili ya kesho kinaweza kufunguliwa leo, kivulini, mbali na barabara, na shukrani ikatolewa kwa sauti ambayo watoto wataisikia. Bibi anaweza kuwasimulia wajukuu jinsi watu walivyosafiri zamani, wakati ambapo kwenda Mbeya kulikuwa kazi ya siku nyingi. Mtoto mkubwa anaweza kupewa kazi ya kweli, si ya kumpoteza wakati: kukinga maji kwenye madumu, kumshikia bibi mkono, kuangalia wadogo wasisogelee lami.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa watu wengi: kukubali kusaidiwa. Katika Melita wenyeji ndio walioanza kutoa, na Paulo alipokea moto wao kabla ya kuwapa chochote. Utingo wa lori anaposhuka na dumu la maji na kipande cha mpira, mkuu wa familia anaweza kuona aibu, hasa ikiwa mjini yeye ni mtu wa cheo. Watoto wanamtazama. Wakimwona baba yao akimsalimu kijana yule kwa heshima, akimwita ndugu, akimshukuru na kumkaribisha chakula, wamejifunza kitu ambacho hotuba isingeweza kuwafundisha.

Na fundi anayefika ana sehemu yake katika jambo hili. Torati inakataza watu kupunjana katika kuuza na kununua (Law 25:14). Shida ya mtu aliyekwama mlimani si ruhusa ya kumtoza mara tatu. Na kwa upande wake, aliyekwama akishatengenezewa asianze kupunguza bei waliyokubaliana.

Tafakari: Ni lipi gumu zaidi kwako, kutoa msaada au kuupokea? Kwa nini?

ALHAMISI
Jua Linapokaribia Kuzama

Saa kumi na moja imepita. Maji yaliyoongezwa yanavuja tena. Fundi aliyepigiwa simu anasema anaweza kufika usiku na kufanya kazi mpaka gari litengemae. Jua litazama baada ya muda mfupi. Familia ifanye nini?

Soma Luka 14:1–6 na Kutoka 20:8–11. Mafungu haya yanaangaza vipi hali ya familia hii?

Yesu aliwauliza Mafarisayo ni nani kati yao ambaye mnyama wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamwondoa mara moja. Hawakuwa na jibu. Gari lililosimama kwenye mteremko wenye kona, huku malori yakipita gizani, ni kisima cha namna hiyo, na waliomo ni zaidi ya ng'ombe. Kumtoa bibi na watoto mahali pale si kuivunja Sabato, hata ikibidi gari livutwe kwa kamba mpaka Ilula saa mbili usiku. Anayeacha watoto wake kwenye hatari ili aonekane ameitunza siku hajaielewa siku wala Bwana wa siku.

Lakini familia ikishafika mahali salama, swali linabadilika. Mnyama ametoka kisimani. Je, fundi aendelee usiku kucha na kesho yake, ili ratiba isivurugike? Hapa amri ya nne ina neno ambalo husahaulika kirahisi: inamtaja mtumishi na mgeni. Aliyeamriwa kupumzika haruhusiwi kuuhamishia mzigo wake mabegani mwa mwingine, kana kwamba pumziko ni la mwenye fedha tu. Familia inaweza kumwambia fundi, “Tunakushukuru, tutaendelea kesho jioni.” Kusema hivyo kuna gharama. Ni siku nzima ugenini, na babu yuko hospitalini.

Na gharama hiyo haipaswi kufanywa nyepesi. Ikiwa simu inatoka Mbeya kwamba babu anamwita mwanawe, huenda baba akapanda basi asubuhi, na mwingine asiwe mwepesi wa kumhukumu; Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu (Mk 2:27), na kumfariji anayekufa ni tendo la rehema. Haja ya kweli na haja ya ratiba hufanana sana kwa nje. Kinachozitofautisha ni moyo ulio mwaminifu mbele za Mungu, na kwa kawaida mwenye moyo huo anajua tofauti.

Iko pia hekima ya kabla ya safari. Israeli walikusanya mana maradufu siku ya sita (Kut 16:22–26). Safari ndefu iliyopangwa kumalizika dakika chache kabla ya jua kuzama haijaacha nafasi kwa mpira kupasuka. Kuanza safari Alhamisi ni maandalio.

Tafakari: Ungeamua nini katika nafasi ya familia hii? Ungetumia kanuni gani?

IJUMAA
Mawe Barabarani

Jifunze Zaidi: Soma Isaya 57:14, Mambo ya Walawi 19:14, Wagalatia 6:2–5.

Gari linapokwama mlimani, mawe huwekwa nyuma ya tairi ili lisirudi nyuma. Wasio na alama za pembetatu huvunja matawi ya miti na kuyapanga juu ya lami ili kuwaonya wanaokuja. Hayo ni matumizi mema ya kilichopo. Kisha gari linatengenezwa, furaha inarudi, kila mtu anaingia haraka, na gari linaondoka. Mawe yanabaki.

Usiku ule ule, mwendesha pikipiki anayepanda Kitonga bila kujua lolote anayakuta gizani. Jiwe lililookoa familia moja linakuwa kwazo la mwingine. Isaya anaagiza vikwazo viondolewe katika njia ya watu wa Mungu, na Torati inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Katika giza, kila msafiri ni kipofu.

Hapo ndipo kipimo cha somo la juma hili kilipo. Mtu anaweza kuvumilia vizuri muda wote wa shida kwa sababu shida ni yake. Kinachoonyesha kama uvumilivu ule ulikuwa upendo ni anachokifanya shida ikiisha: kama anashuka garini, ingawa amechelewa, akaviringisha mawe hadi pembeni na kuyatupa matawi porini kwa ajili ya mtu ambaye hatamwona kamwe wala kushukuriwa naye. Familia iliyoketi pamoja ikala, ikapokea maji ya mgeni, ikalipa fundi haki yake, na ikaondoa mawe, imefanya lililo bora hata kama ilifika Mbeya kwa kuchelewa. Huzuni yake, ikiwa ipo, ni ya kweli, nayo inaruhusiwa kuomboleza. Lakini barabarani haikuacha deni.

Maswali ya Kujadili:

1. Paulo alitaja kosa la wenzake mara moja, kisha akaendelea kuwatia moyo. Darasa lijadili: ni wakati gani na ni kwa namna gani makosa yazungumzwe katika familia?

2. Mtu akitoa ushuhuda kwamba Mungu aliliharibu gari lake ili kumwokoa na ajali, kanisa limjibu vipi kwa upendo na kwa ukweli?

3. Kwa hofu ya majambazi, madereva wengi hawasimami kumsaidia aliyekwama usiku. Je, kuna njia za kumsaidia jirani bila kuhatarisha abiria? Zitajeni.

4. Fikirini juu ya shida nyingine zinazopita maishani, kama ugonjwa, deni au ugomvi. “Mawe” gani huachwa nyuma, na nani huyakuta?